Kuchota na Kufuta

Jumatatu, 9 Septemba

Wamenipa wale. Kikao kilichukua dakika arobaini, na thelathini kati ya hizo tulijadili nani amepoteza ufunguo wa choo cha walimu. Mwishoni, watu wakiwa wameshakusanya mikoba, mwalimu mkuu akasema kwa sauti yake ile laini ya mtu anayekuomba umpishe mlangoni kwamba muhula huu nitachukua darasa la marudio. Watoto kumi na tisa wa darasa la tano walioanguka hesabu, hasa kugawanya. Wakifaulu mtihani wa mwisho wa muhula wanaingia la sita na wenzao. Wakianguka wanarudia. Aliyekwisha kurudia mara mbili harudii tena, anatolewa shule. Wa namna hiyo yuko mmoja.

Nikauliza kwa nini mimi. Akajibu Rula, kabla mkuu hajafungua kinywa: "Kwa sababu una uvumilivu, mwalimu."

Rula ni mwalimu wetu wa taaluma. Watoto wamembatiza jina hilo kwa kuwa hatembei bila rula yake ya mbao, anapimia nayo pambizo za madaftari. Ndiye aliyewafundisha hao kumi na tisa mwaka mzima wakatoka bure, na leo ananisifia uvumilivu. Miaka ishirini na sita ya chaki na bado naokoteshwa walivyoangusha wengine.

Jumanne, 10 Septemba

Mvua imeanza. Chumba tulichopewa ni stoo ya zamani, bati tupu bila dari. Ikinyesha sijisikii mwenyewe.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimewapa moja tu, nione ugonjwa ulipo: 378 gawanya kwa 14. Njia ndefu, kama walivyofundishwa. Kumi na nne katika thelathini na saba inaingia mara ngapi? Wote wakatazama bati, kana kwamba jibu limeandikwa huko juu. Mmoja akasema tatu, akaandika arobaini na mbili chini ya thelathini na saba, akaona haitoki, akafuta, akaandika tena tatu ileile. Mwingine alifuta mpaka karatasi ikatoboka, akaendelea kuandika kwenye ukurasa wa chini kupitia tundu.

Msichana wa dirishani hakuandika kitu. Mikono mapajani, macho kwenye daftari. Wenzake wanamwita Kimya. Ndiye yule mmoja.

"Umekwama wapi, mwanangu?"

"Sijui inaingia mara ngapi."

"Kisia basi."

"Nikikisia nikakosa?"

Nikamwambia atoe kalamu mdomoni, na wala hakuwa na kalamu mdomoni.

Jumatatu, 16 Septemba

Leo nimefurahi, na kwa kuwa hainitokei mara kwa mara naandika kirefu.

Paa linavuja katikati ya darasa, tumeweka ndoo. Asubuhi ilikuwa imejaa. Nikachukua kikombe changu cha chai nikawauliza ndoo ile ina vikombe vingapi. "Hakuna anayejua? Basi tusiimwage mpaka tujue." Mmoja akacheka, akasema, "Si tuchote tu, mwalimu, tutahesabu huku tunachota." Ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Nikarudi ubaoni kwenye ile 378. Msiniambie kumi na nne inaingia mara ngapi, sitaki kujua. Niambieni mnaloweza kulichota bila kuogopa. Wakasema mara kumi, kumi kila mtu anaijua. Kumi na nne mara kumi ni 140. Toa, zinabaki 238. Pembeni andika 10, usije ukasahau ulichochota. Chota tena mara kumi, pembeni 10, zinabaki 98. Sasa kumi haitoshi, ni nyingi mno. Chota mara tano, sabini, zinabaki 28. Chota mbili, zimekwisha. Jumlisha ulivyoandika pembeni: 10 na 10 na 5 na 2. Ishirini na saba.

Hakuna kukisia. Ukichota kidogo hujakosea, utachota tena. Uzuri wake wote uko hapo. Mwenye mkono mkubwa anamaliza kwa mistari miwili, mwenye mkono mdogo kwa minane, na wote wanafika palepale.

Mvua ikaanza, nikanyamaza nikaandika tu ubaoni: 952 ÷ 17. Kimya akachota kumi mara tano, kisha mbili, mbili, mbili. Akajumlisha pembeni kwa kidole. 56. Akanyanyua daftari juu bila kusema kitu, nami nikaandika alama ya vema kubwa kuliko ilivyostahili.

Ijumaa, 20 Septemba

Dada yangu anasema siku hizi naimba jikoni. Nimemwambia ni redio ya jirani.

Jumatano, 25 Septemba

Wote kumi na tisa wanachota. Hata yule wa karatasi yenye tundu.

Jumatatu, 30 Septemba

Nilijua furaha ile haitafika mbali. Rula ameingia bila hodi, akachukua daftari la kwanza mezani, rula ikiwa kwapani.

"Hii ni nini, mwalimu?"

"Kugawanya."

"Naona kutoa. Na pambizo imejaa takataka."

"Jibu ni sahihi."

"Jibu lina alama moja. Hatua zina alama mbili. Hatua zinazopewa alama zimeandikwa kwenye mwongozo wa kusahihisha, na hizi hazimo."

Nikamwambia njia yake wamekaa nayo mwaka mzima. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniudhi kwake. Akasema: "Inawezekana una haki. Lete hoja kikaoni, tuijadili, nitasikiliza. Mpaka hapo, acha." Akarudisha daftari, akalinyoosha lilingane na ukingo wa meza, akatoka.

Lete hoja kikaoni. Rahisi kusema. Nilishawahi kupeleka hoja kikaoni, nikiwa kijana na mdomo wangu, kuhusu fimbo. Muhula uliofuata nilipata barua ya uhamisho, shule ya mbali, miaka minne. Binti yangu alijifunza kusoma kwa shangazi yake. Sina kikao kingine ndani yangu.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimeamua. Tutachota, ila kwa penseli nyepesi, pembeni. Jibu likipatikana linaandikwa kwa kalamu, na Rula akionekana, raba kazini. Nimeleta raba kumi na tisa. Nikawaambia ni siri yetu, mwalimu wa taaluma asione. Mngeona macho yao. Katika maisha yao yote ya shule hakuna mtu aliyewahi kuwapa siri.

Alhamisi, 3 Oktoba

Tumefanya zoezi. Mmoja anajifanya Rula, anapita kati ya madawati na kipande cha ubao kwapani. Anapopita, pambizo zinasafishwa. Kimya ndiye mwepesi kuliko wote, hata vumbi la raba hulipuliza. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mpango wangu ni huu: wiki mbili za mwisho nitawaonyesha jinsi ya kuhamisha walichochota kwenye fremu ya njia ndefu, wapate na alama za hatua. Wakati upo tele.

Jumatano, 9 Oktoba

Rula kapita. Madaftari safi. Akanipongeza kwa usafi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua. Mvua. Soksi hazikauki.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimekutana na shangazi yake Kimya, fundi cherehani, anaishi naye tangu mama mtu afariki. Alikuja kuleta sare ya mtu. Akaniuliza wazi: "Mwalimu, niambie ukweli, nisijidanganye. Atavuka huyu? Maana nimeshaweka nafasi ya cherehani ya pili pale pembeni, asije akakaa bure." Hakusema kwa ubaya. Ni mtu aliyezoea kupima kabla ya kukata.

Nikamwambia cherehani isubiri. Nilisema kwa kiburi kabisa, mkono kiunoni.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mto umepanda hadi kwenye uzio wa shule. Tumefungwa mpaka tutakapotangaziwa. Watu wa ofisi wanasema siku mbili.

Ijumaa, 1 Novemba

Bado.

Jumatano, 6 Novemba

Bado. Nimefua mapazia.

Jumanne, 12 Novemba

Tumefunguliwa. Zimepotea wiki mbili, zilezile nilizokuwa nimezitegemea, na mtihani haukusogezwa hata siku moja. Darasani tope linafika kifundoni, leo na kesho ni kufagia na kukausha madawati.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimejaribu kuwafundisha fremu kwa siku moja. Wamechanganyikiwa, mmoja kalia. Nikaacha. Nitamwomba anayesimamia awaachie karatasi ya ziada, wachotee humo. Msimamizi ni mwalimu wa sayansi, mtu wa usingizi, atakubali chochote.

Jumatatu, 18 Novemba

Mtihani. Mwalimu wa sayansi anaumwa. Amesimamia Rula.

Nilimwona akiingia darasani kwangu na bahasha na rula. Mlango ulikuwa hatua kumi kutoka niliposimama. Ningeweza kwenda, nikasema mbele yake: watoto, leo andikeni kila kitu, msifute. Maneno sita au saba. Nikajiambia watajua wenyewe, wana akili. Nikaenda kunywa chai.

Jumatano, 20 Novemba

Sijui nianzie wapi, basi naanzia mwanzo.

Saa nne mkuu aliniita ofisini. Rula alikuwepo, karatasi zimepangwa mezani kwa mstari. Watoto kumi na mmoja wa marudio wamepata maswali yote kumi. Wengine saba au nane kati ya kumi. Na hakuna hatua hata moja, kwa mtoto hata mmoja. Karatasi nyeupe, jibu kwa kalamu, basi.

Mara moja nikaiona picha nzima. Alikuwa akipita kati ya madawati, kama kila msimamizi anavyopita. Kila alipopita walifuta. Hakuna aliyewaambia kwamba siku hiyo ni tofauti, na aliyepaswa kuwaambia alikuwa anakunywa chai.

"Wameibia," akasema mkuu. "Inasikitisha, lakini hakuna maelezo mengine. Au unayo, mwalimu?"

Nikasema sijui. Naandika hapa kama nilivyosema: "Kwa kweli sijui, mkuu."

Wakamwita Kimya. Mwaka jana alipata sifuri, mwaka huu kumi kwa kumi, kwa hiyo ndiye aliyeonekana mwizi kuliko wote. Mkuu akamwandikia kwenye ubao mdogo wa ofisi: 1,564 gawanya kwa 23, swali la nane la mtihani uleule. Akampa chaki. "Tuonyeshe ulivyofanya. Njia ndefu."

Akachora fremu, vizuri kabisa, mstari umenyooka. Kisha akasimama. Swali lile ningeweza kuapa kwamba alikuwa akilichota kichwani palepale, niliona midomo yake ikienda. Lakini hakuandika. Akamtazama Rula, akatazama rula yake, kisha akageuka akanitazama mimi. Aliniangalia kwa muda mrefu. Hakuwa na hofu. Alikuwa akisubiri nimwambie kama siri bado ni siri.

Nami nikatazama karatasi mezani.

"Nani alikupa majibu?" mkuu akauliza.

"Niliibia."

"Kwa nani?"

"Peke yangu."

"Na wenzako?"

"Wao sijui. Mimi niliibia."

Mkuu akaandika, akamgeuzia karatasi asaini. Hajui kusaini, ana miaka kumi na miwili, akaandika jina lake lote kwa herufi za daftarini, polepole. Akatuamkia tena wote watatu wakati wa kutoka, kana kwamba ndiyo kwanza anatuona.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Ulimi ulikuwepo, sikuumwa koo, hakuna aliyenishika mdomo. Niliogopa barua tu. Mwanamke mzima, nina mjukuu, nimejificha nyuma ya mtoto asiye na mama.

Nimemweleza dada yangu. Aliendelea kukunja nguo. Mwisho akasema, "Kesho utasema." Nikasema ndiyo. Akasema, "Sikuulizi, nakwambia."

Alhamisi, 21 Novemba

Sikuwahi kusema. Nimewahiwa.

Nilifika mapema nikiwa nimepanga sentensi zangu. Rula alikuwa tayari darasani kwangu, amesimama dirishani na karatasi ya Kimya, ameiinamisha upande kwenye mwanga.

"Njoo uone," akasema. Penseli ikifutwa weusi wake unaondoka, lakini karatasi inabaki na alama ya kukandamizwa. Alikuwa amekaa na karatasi zote kumi na tisa tangu jana jioni, na kwenye daftari lake amenakili alichokisoma, swali kwa swali. Akanisomea la nane, taratibu. "Hapa ametoa mia nne sitini. Pembeni ishirini. Ametoa tena mia nne sitini, ishirini. Tena, ishirini. Halafu tisini na mbili, nne. Tisini na mbili, nne. Imekwisha. Sitini na nane." Akanyanyua uso. "Mtoto huyu hakuibia. Wote hawakuibia. Wanagawanya vizuri kuliko watoto wangu."

Nikasema najua.

"Nani aliwafundisha kufuta?"

"Mimi."

Akafunga daftari lake. Nilitaka anitukane, ningepata pa kushikia. Nimemchukia mtu huyu miaka tisa na leo alikuwa na macho mekundu ya kusoma alama za penseli za watoto wangu.

"Jana ulikuwepo," akasema.

Basi. Hakuongeza. Akakusanya karatasi, akazigonga mezani zilingane, tukaenda pamoja kwa mkuu.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimepata barua ya onyo. Watoto watarudia mtihani Jumanne, kila mmoja kwa njia anayoijua, Rula amelisimamia hilo mwenyewe na kulipigia meza. Mkuu amekubali haraka, nadhani ili tutoke ofisini kwake.

Kimya hajaonekana tangu Jumatano.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekwenda kwao. Chumba kimoja, mlango wazi, vipande vya kitambaa sakafuni. Cherehani ya pili imeshafika. Kimya alikuwa kwenye kigoda, anatoa nyuzi kwenye shati, akaniamkia bila kunyanyua kichwa.

"Karibu, mwalimu," shangazi akasema, mguu ukiendelea na kazi. "Umekuja kunipa pole? Ameniambia mwenyewe kwamba ameiba. Sikulea mwizi, ndiyo maana nimemkalisha hapa nimwone."

"Hakuiba."

"Sasa kwa nini aseme ameiba?"

Nikamwambia. Yote, mpaka ya ofisini. Cherehani ikasimama.

"Kwa hiyo ulikuwa umekaa palepale."

"Ndiyo, dada."

"Ukasikia."

"Nikasikia."

Akaondoa uzi kidoleni. "Nimemnyima hata kula na mimi, siku tatu hizi. Anakula baada yangu." Kisha, kwa adabu kabisa: "Kiti sitakupa, mwalimu. Unisamehe. Jumanne atakuja."

Kimya akanisindikiza mpaka mlangoni, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Akauliza jambo moja tu: "Nifute au nisifute?"

"Usifute chochote, mwanangu. Nilikosa. Nisamehe."

Akaitikia kwa kichwa. Lile la kufuta alilielewa. La pili sijui kama alilipokea.

Jumanne, 26 Novemba

Wamefanya. Sikuruhusiwa kukaribia. Jua limetoka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na bati likawa linalia kwa joto.

Alhamisi, 28 Novemba

Kumi na saba wamevuka. Kimya tisa kwa kumi, na lile moja alisahau kuandika baki. Rula amewapa alama zote za hatua, kisha akaniomba nimweleze mwenyewe ile ya kuchota, kuanzia mwanzo. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti juu, akachota 378 kwa 14. Alichota mara moja moja, mistari ishirini na saba. Nilikaribia kumpenda.

Ijumaa, 29 Novemba

Darasa la sita lina walimu wawili wa hesabu, mimi na Rula. Mkuu, kwa kuona haya, amewaachia watoto wa marudio wachague. Kumi na sita wameandika jina langu. Nilihesabu vikaratasi mara mbili nikimtafuta wa kumi na saba.

Nikamngoja nje ya ofisi. Sikutaka kumwuliza, na nikamwuliza. Nikamwambia mwalimu wa taaluma ni mkali, anajua hilo, mwaka mzima alikaa kwake bila kufungua mdomo.

"Najua, mwalimu."

"Sasa mbona umemchagua?"

Akafikiri. Hakuwa na hasira, ningeijua. Alikuwa akitafuta jibu sahihi tu, kama anavyotafuta siku zote, kidogo kidogo mpaka liishe.

"Yeye alikuwa hajui," akasema, "akatafuta mpaka akajua. Wewe ulikuwa unajua."

Akaomba ruhusa aende, shangazi yake anamsubiri getini. Nikampa.